Gamboshi, Pemba na Mwalimu wa Kweli

Katika Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, kipo kijiji kiitwacho Gamboshi. Wengi wa wasomaji wetu hawajapata kukiona, lakini jina lake wamelisikia. Husemwa huko Bara kwamba Gamboshi ndiyo makao makuu ya wachawi wa Tanzania. Kwamba usiku kijiji hugeuka mji wa taa na maghorofa mfano wa miji ya Ulaya, na kukipambazuka kinarudi kuwa nyumba za wakulima na mashamba ya pamba. Wenyeji wake ni Wasukuma, watu wa jembe na ng'ombe, na mara nyingi wamewaeleza wageni kuwa habari hizo hazina ukweli. Hawasikilizwi. Hadithi imekuwa tamu kuliko wenye kijiji.

Sisi wa Visiwani tungepaswa kuwa wa mwisho kucheka. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, aliieleza Pemba kuwa ni chuo cha uchawi ambako wanafunzi walitoka hata Maziwa Makuu kuja kuhitimu. Tangu wakati huo, na hata kabla yake, Mpemba hawezi kufika Mwanza au Dar es Salaam asiulizwe, kwa mzaha au kwa hofu, amekuja na nini mfukoni. Wavuvi wetu, wakulima wetu wa karafuu, walimu wetu na wauguzi wetu wote wamefungiwa katika neno moja. Basi Pemba na Gamboshi, ijapokuwa bahari na nchi kavu imezitenga, ni ndugu wa msiba mmoja.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Twaikubali hekima hiyo, lakini katika jambo hili tunaomba isomwe kwa uangalifu. Lisemwalo juu ya uchawi huweza kabisa kuja, si kwa kuwa mchawi yupo, bali kwa kuwa walioaminishwa kuwa yupo huchukua mapanga wakamtafute. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulizungumza leo, na ndilo linalotufanya tuulize swali ambalo viongozi wetu wa dini na wa Serikali wamelikwepa kwa muda mrefu: mwalimu wa mambo ya roho anajulikanaje, na nani ajiitaye mwalimu hali ni mfanyabiashara wa hofu?

Tuanze na damu, maana damu haina mzaha. Mwaka 2012 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kuwa watu wapatao 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi kati ya mwaka 2005 na 2011. Wengi wao walikuwa wanawake wazee, na mikoa ya Shinyanga na Mwanza ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya Shinyanga; mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Katika miaka hiyo hiyo Kanda ya Ziwa ilitia aibu taifa kwa mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, waliokatwa viungo ili vikauzwe kwa waliodanganywa kwamba vitawapa utajiri.

Na bikizee aliyeuawa alijulikanaje kuwa mchawi? Mara nyingi kwa macho yake mekundu. Macho hayo yana maelezo yasiyohitaji ramli. Sehemu kubwa ya Usukuma ni mbuga zilizopungukiwa na miti; mwanamke hupika miaka hamsini kwa mabua na samadi ya ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na moshi ule huyala macho yake siku baada ya siku. Alama ya kazi yake ya kuwalisha wanawe na wajukuu ikageuzwa kuwa hati ya kumhukumu. Kijana wa jirani akifiwa na mtoto kwa malaria, akaenda kwa mpiga ramli, akachinjiwa kuku na kusomewa matumbo yake, hurudi na jina. Kabla ya hapo alikuwa na msiba. Baada ya hapo ana adui. Watu wa Serikali wamelipa jambo hilo jina linalolifaa: ramli chonganishi.

Asije mtu akadhani haya ni ya Bara tu. Nyani haoni kundule. Mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianza Pemba ukavuka hadi Unguja. Watu wazima walihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, na kabla uvumi haujazimika umati ulimuua mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, wakidhani ndiye. Hatukuwa na samadi wala macho mekundu. Tulikuwa na hofu, na hofu ilitosha.

Lakini itakuwa dhuluma nyingine tukiishia hapo, kana kwamba Usukuma haukuwa na kitu ila kiza. Mapokeo ya Wasukuma yanasimulia habari za waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kuwa dawa yake ina nguvu kuliko ya mwenziwe, na kila mmoja alikuwa na wafuasi. Ugomvi wa namna hiyo, mahali pengi duniani, umemalizwa kwa mkuki. Wao waliumaliza kwa ngoma. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule, na watazamaji wakawa huru kukimbilia kunakopendeza. Aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Kutokana nao zikatoka jumuiya mbili za Wagika na Wagalu, ambazo mpaka leo hushindana baada ya mavuno katika Usukuma wote, Bariadi ikiwamo. Katika miaka ya karibuni mji wa Bariadi umekuwa ukiandaa matamasha ambamo ngoma hizo huchezwa pamoja na mashindano ya baiskeli.

Hatusemi kwamba mashindano hayo hayakuwa na hila. Kila upande ulikuwa na dawa yake ya kuvuta watu, na kila upande uliushuku mwingine. Tunachosema ni kwamba waanzilishi wake waliitia hasama katika chombo ambacho hakiui. Mtu aliyeshindwa alirudi nyumbani na aibu, akajifua kwa mwaka ujao. Watu wa Makunduchi wanaoadhimisha Mwaka Kogwa kwa kuchapana na makuti ya migomba, kisha wakala pamoja, hawatapata taabu kuielewa busara hiyo. Na sisi tunathubutu kudhani kwamba sifa ya kutisha ya vijiji kama Gamboshi imekuzwa na mambo haya haya: umahiri wa waganga na wacheza ngoma, uliotazamwa kwa mbali na watu wasioujua.

Ndivyo inavyokuwa. Jina la Mwanamalundi linajulikana Usukuma kote, lakini muulize kijana anajua nini juu yake, atakwambia tu kwamba alinyoosha kidole mti ukakauka. Miujiza hukumbukwa, mafundisho husahauliwa. Kwetu Visiwani tumebahatika kidogo, kwa kuwa alitokea mtu wa kuandika. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi wa Zanzibar kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, na aliyefariki mwaka 1982, alituachia kitabu cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo twajua kwamba Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir, waliofariki wote mwaka 1925, walikuwa watu wa kusoma, kusafiri, kusomesha na kuhukumu kwa haki. Nani amewaandikia Wasukuma wazee wao kwa kiasi hicho? Yuko Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanzisha makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, akaziruhusu ngoma za Wagika na Wagalu kuingia katika sherehe za Ekaristi. Kazi hiyo ni njema, lakini mkono mmoja haulei mwana.

Sasa turudi kwenye swali letu. Tukiwatazama walimu wa roho wa dini na zama mbalimbali, tunaona jambo moja linalowakutanisha, ijapokuwa itikadi zao zimeachana. Rabia wa Basra, bibi wa karne ya nane ambaye masimulizi yanasema aliwahi kuwa mtumwa, alifundisha kwamba Mungu aabudiwe kwa kupendwa, si kwa kuogopwa moto wala kutamaniwa pepo. Imamu Ghazali alikuwa na cheo kikubwa katika chuo cha Nidhamiya mjini Baghdad. Mwaka 1095 akakiacha, akatoka kutafuta unyoofu wa moyo. Karibu yetu zaidi, Sheikh Ramiya wa Bagamoyo aliletwa pwani mtumwa kutoka upande wa Kongo angali mtoto. Akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, na waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa wakakaa duara moja la zikri. Alifariki mwaka 1931.

Na Ulaya nayo, ambayo leo hutucheka, ilichoma wanawake wake kwa maelfu kwa tuhuma za uchawi. Katikati ya moto huo, mwaka 1631, padri Mjerumani wa shirika la Wajesuti, Friedrich Spee, alitoa kitabu cha kupinga mashtaka hayo, bila kutia jina lake. Alikuwa amewaungamisha wanawake waliohukumiwa, na alijua kuwa walikiri kwa sababu ya mateso tu. Hata maaskofu, wangeteswa vile, wangekiri. Huyo hakufanya muujiza wowote. Alisimama upande wa bikizee dhidi ya umati, na umati ulikuwa na hakika kwamba uko upande wa Mungu.

Kipimo basi tumekwisha kukipata. Mwalimu wa kweli humwondolea mtu hofu. Wa uongo humuuzia. Mwalimu wa kweli humwambia mfiwa, subiri, na msamehe jirani yako. Wa uongo humtajia jirani. Mwalimu wa kweli huweza kuacha mali na cheo. Wa uongo hupandisha bei kadiri hofu inavyopanda. Kipimo hiki hakibagui. Kinamfaa mganga wa Bariadi mwenye mizizi na kuku, kinamfaa shehe mwenye kombe na hirizi, na kinamfaa mchungaji anayewaita waumini mbele na kuwataja mama zao kuwa ndio waliowafunga riziki. Jina la dini halimsafishi mtu anayechonganisha.

Kwa viongozi wa Serikali tuna maneno matatu. Kwanza, marufuku ya jumla haitoshi. Mwezi Januari mwaka 2009 leseni za waganga wa jadi zilisimamishwa, na Januari 2015 marufuku nyingine ikatangazwa. Nia ilikuwa njema. Lakini mwenye leseni ndiye anayejulikana nyumba yake. Mfunga mifupa na mkunga wa jadi huadhibiwa, na tapeli asiye na leseni akahamia kijiji cha pili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inatoa njia bora, yaani kumsajili mganga na kumsimamia. Itekelezwe mpaka vijijini, na anayetaja jina la mchawi ashitakiwe kabla mtu hajafa, asingojewe mpaka baada ya mazishi.

Pili, macho mekundu yatibiwe. Jiko sanifu lenye bomba la moshi, na mganga wa macho anayefika Itilima na Meatu, vitaokoa roho za wazee kuliko hotuba nyingi. Mtoto anayepata dawa ya malaria kwa wakati ni msiba uliozuiwa, na msiba uliozuiwa hauendi kwa mpiga ramli.

Tatu, maofisa wa utamaduni wa Simiyu, na wenzao wa Unguja na Pemba, waende kwa wazee na daftari. Waandike majina ya waalimu, dawa zinazoponya, na habari za ngoma na waanzilishi wake, kabla haijabaki ila hadithi ya mji wa taa za usiku. Tungefurahi kuona siku moja vijana wa Pemba wakialikwa Bariadi wakati wa mavuno, na Wagika na Wagalu wakialikwa Makunduchi siku ya Mwaka.

Kwa wasomaji wetu tuna neno moja. Utakaposikia tena mtu akilitaja jina la Gamboshi kwa kunong'ona, kumbuka wanavyolinong'ona jina la Pemba. Huko nako kuna mama anayepuliza moto, na moshi unamwingia machoni. Anachohitaji kwetu ni jirani asiyemwogopa.