Bendera Mbili Zilizofanana

Wako watu wanenao kwamba bendera ni kitambaa tu. Maneno hayo si kweli, na habari za nchi mbili zaonyesha hivyo.

Liechtenstein ni nchi ndogo ya Ulaya, kati ya Uswisi na Austria. Eneo lake ni kilomita za mraba 160 tu. Haiti iko mbali sana, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wengi wa watu wake walikuwa watumwa wa Wafaransa, wakapigana hata wakapata uhuru mwaka 1804.

Mwaka 1936 wanamichezo wa mataifa mengi walikutanika Berlin kwa Michezo ya Olimpiki. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba nchi hizo mbili zina bendera moja: buluu juu, nyekundu chini. Wala hakuna aliyeiba. Kila nchi ilipata rangi zake kwa njia yake.

Je, ilikuwapo haja ya kubadili, nazo ziko mbali hivyo? Ilikuwapo. Makundi mawili ya ng'ombe yenye chapa moja hayaleti taabu mpaka yakutane mtoni. Ndipo ugomvi huanza. Liechtenstein haikungoja ugomvi. Mwaka 1937 ilitia taji la dhahabu katika ile buluu, nalo lipo hata leo.

Wahenga walisema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Alama ni ya kumtambulisha mwenyewe. Kuiongeza si aibu. Aibu ni kuwa na alama isiyokutambulisha.