Tonge Likikwama Kooni, Usingoje



Je, kijijini kwako yupo mzee anayekula ugali kwa shida? Hutafuna vizuri na kunywa maji, lakini tonge hukwama. Watu husema, "Ni uzee tu." Wengine husema amelogwa. Maneno hayo humpotezea muda.

Shida hiyo ina sababu nyingi. Leo tujifunze moja ambayo ni nadra. Inatoka kwenye mifupa ya shingo.

Shingo ina mifupa midogo 7. Mifupa hiyo huitwa pingili. Mbele yake hupita njia ya chakula, iitwayo umio. Watu wengine, hasa wanaume waliopita miaka 50, huota mfupa mpya mbele ya pingili. Huota polepole kwa miaka mingi. Wenye kisukari na wanene hupata zaidi. Mwaka 1950, daktari Mfaransa Jacques Forestier na mwenzake waliandika habari za ugonjwa huu.

Wengi wenye mfupa huo humeza bila taabu. Lakini ukikua sana, hubana umio.

Sisi mabwana shamba tunaujua mpira wa kumwagilia bustani. Ukikanyagwa na jiwe, maji hupita kidogo. Ndani ya mpira hamna taka. Shida iko nje. Mfupa huu nao hubana umio kutoka nje. Kwa hiyo ukimwangalia mgonjwa mdomoni tu, huenda usione kitu.

Dalili ni hizi. Ugali na nyama hukwama, lakini uji hupita. Shingo hukakamaa. Wengine hukohoa wakila, au sauti hukwaruza.

Hospitalini daktari hupiga picha ya eksirei ya shingo kutoka ubavuni. Mfupa huonekana. Wagonjwa wengi husaidiwa kwa chakula laini na dawa. Wachache hupasuliwa na mfupa huo huondolewa.

Sasa sikiliza neno kubwa. Hapa Afrika Mashariki, saratani ya umio hukwamisha chakula mara nyingi zaidi kuliko mfupa huu. Nayo huanza vivyo hivyo: kwanza ugali hukwama, baadaye hata uji. Nyumbani huwezi kujua ni ipi. Saratani ikigunduliwa mapema, mgonjwa ana nafasi kubwa zaidi ya kutibiwa.

Kwa hiyo, chakula kikikwama mara kwa mara, au mtu akikonda, mpelekeni zahanati. Ombeni barua ya kwenda hospitali. Msingoje mpaka mavuno yaishe. Shamba litalimwa na majirani.