Daftari la Hospitali Halitoshi

Mwishoni mwa mwaka 2001 makadirio ya Umoja wa Mataifa yalisema kwamba Wakenya wazima 15 katika kila 100 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwaka 2003 wapimaji walitumwa majumbani, wakachukua damu ya wanawake na wanaume wa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, na jibu likawa 6.7 katika kila 100. Hakuna dawa iliyoponya nusu ya wagonjwa katika muda ule. Kilichobadilika ni mahali pa kuhesabia.

Hesabu ya kwanza ilitokana na damu ya wajawazito waliohudhuria kliniki chache teule. Njia hiyo ilikuwa na busara yake: damu ilikuwa inachukuliwa tayari kwa ajili ya kipimo cha kaswende, gharama ilikuwa ndogo, na mwenendo wa ugonjwa mwaka hadi mwaka ulionekana. Lakini mjamzito hawezi kumwakilisha kila mtu. Hali yake yenyewe inaonyesha kwamba amejamiiana bila kinga, kliniki nyingi zilikuwa mijini na kando ya barabara kuu, na wanaume hawakuwamo kabisa. Utafiti wa kaya ndio uliofichua kwamba wanawake walioambukizwa walikuwa 8.7 katika kila 100 na wanaume 4.6, na kwamba Nyanza ilibeba mzigo wa watu 15 katika kila 100 wakati Kaskazini Mashariki haikufikia hata mmoja. Nchi moja, lakini mahitaji ya dawa, vipimo na washauri yalitofautiana kama mbingu na ardhi.

Asije mtu akadhani kwamba kosa la hospitali ni kuzidisha tu. Mara nyingi hupunguza, tena kwa kiasi cha kutisha.

Mfano ni korona, na ni Kenya tena. Hadi tarehe 31 Julai 2020 nchi hiyo ilikuwa imetangaza wagonjwa 20,636 na vifo 341. Wakati huo watafiti, wakiwamo wa kituo cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, walikuwa wamekwisha kupima damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya Aprili na Juni. Hawakutafuta virusi. Walitafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo baada ya kupambana na virusi. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, jinsia, mahali na makosa ya kipimo, walipata watu 4.3 katika kila 100. Mombasa ilifika 8.0 na Nairobi 7.3. Hata ikichukuliwa kwamba Wakenya wa umri wa kuchangia damu walikuwa milioni 25 tu, hao ni zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wakiwa hawajui kwamba ugonjwa uliwapitia.

Anayehesabu samaki mnadani hajaihesabu bahari. Hospitali humwandika aliyeumwa, akapata nauli, akavumilia foleni, akakuta kipimo kipo na karani hajaenda kula. Virusi havingoji mlolongo huo. Vingine hukaa mwilini miaka mingi kabla ya dalili ya kwanza, na utafiti wa UKIMWI wa Kenya wa mwaka 2007 uligundua kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 waliokuwa na virusi hawakujua kuwa wanavyo. Daftari gani la zahanati lingewaonyesha hao?

Kwa hiyo kuna wajibu hapa, na wa kwanza ni wa mwenye nyumba. Kaya ikichaguliwa, mlango na ufunguliwe.

Wapo watakaotikisa kichwa. Damu! Pwani na bara, babu zetu walikimbia mumiani, na katika miji ya Kenya na Uganda ya wakoloni watu waliapa kwamba wazimamoto hukamata wapita njia usiku na kuwafyonza. Ni rahisi kucheka leo. Ila hofu ile haikuota hewani. Mwaka 1936 taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ilifunguliwa Entebbe kwa fedha za Rockefeller Foundation ya Marekani, na kazi yake mojawapo ilikuwa kujua homa hiyo imepita wapi Afrika Mashariki. Damu ya wanavijiji ilitenganishwa, maji yake yakachanganywa na virusi na kudungwa panya. Panya akifa, mwenye damu hakuwahi kukutana na homa ile. Panya akipona, ilikuwa imempitia. Katika nyanda za chini za Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, damu za baadhi ya watu ziliokoa panya, na mwaka 1941 virusi vyenyewe vikapatikana kwa mgonjwa wa huko. Ilikuwa sayansi safi. Lakini mwanakijiji aliyenyoosha mkono alipata nini? Aliona wageni wa serikali wakija na sindano, wakaondoka na chupa. Mahali palipokosa maelezo, mumiani alipata kazi.

Ndiyo maana wajibu wa pili ni wa watafiti, na hauna mjadala: kilichochukuliwa kirudi kikiwa habari. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2003 haukuwapa washiriki majibu yao. Damu zilipimwa bila majina, na waliopimwa walipewa vocha za kwenda kupima bure kwingine. Miaka ilivyosonga utaratibu ukabadilika. Katika utafiti wa UKIMWI wa Tanzania wa 2016-17 mshiriki alipata ushauri nasaha na jibu lake la UKIMWI palepale nyumbani. Hilo ni jambo la heshima. Lina faida nyingine pia: mtu aliyegundulika mlangoni mwake anaelekezwa kituo cha tiba kabla hajazidiwa. Mwaka 2016-17 Watanzania wenye virusi waliojua hali zao walikuwa 61 hivi katika kila 100. Utafiti wa 2022-23 ulikuta karibu 83. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya wahudumu wa vituo na wa jamii, si ya wadodosaji. Lakini bila wadodosaji nani angejua kwamba kazi hiyo imezaa matunda?

Hapa wanaume hawana budi kuambiwa ukweli. Katika utafiti ule wa 2003, wanawake waliokubali kupimwa walikuwa 76 katika kila 100 waliochaguliwa, na wanaume 70. Baba yuko kazini, baba yuko ziwani, baba amesafiri, baba yupo chumbani lakini mama aseme hayupo. Wanaokosekana wakiwa ndio wenye maambukizi mengi kuliko wanaopatikana, hesabu nzima inapinda, na hakuna fomula ya takwimu inayoweza kuinyoosha kwa uhakika. Mwenyekiti wa kitongoji, mjumbe wa nyumba kumi, chifu na imamu, wote wana neno la kusema katika hili, na walisemee barazani mapema, kabla gari la watafiti halijaingia kijijini.

Serikali nazo zina lao. Takwimu iliyofungiwa kabatini haimsaidii mganga wala mgonjwa. Idadi ya wagonjwa wa korona Tanzania ilisimama kwenye 509 mwezi Mei 2020, ikabaki hapohapo zaidi ya mwaka mzima, kana kwamba virusi vilisomewa amri vikatii. Wananchi waliokuwa wakizika ndugu zao walihitaji kuambiwa kitu, na pale ambapo takwimu haikusema, mitandao ilisema, kwa kelele na bila kipimo.

Kwa wenzetu wa magazeti shauri ni fupi: asiandike mtu takwimu ya ugonjwa kabla hajauliza ni wangapi kati ya wangapi, na kipimo hukosea kiasi gani. Chukua kipimo kinachowasingizia watu 2 katika kila wazima 100. Kipime watu 1,000 ambao 10 tu wameambukizwa. Kikiwanasa wote 10, kitawatia hatiani pia wazima 20 hivi. Gazeti litaandika kwamba wagonjwa ni 30, na theluthi mbili yao hawana kitu! Ndiyo maana watafiti wa Kilifi walisahihisha makosa ya kipimo kabla ya kutoa jibu.

Na ipo Njombe, Tanzania. Utafiti wa 2022-23 uliupa mkoa huo 12.7 katika kila 100, juu kuliko mikoa yote, huku wastani wa taifa ukiwa 4.4. Utani uliofuata haukuwa wa heshima, nao unaonyesha kwamba takwimu ilisomwa vibaya. Kiwango cha maambukizi huhesabu wote wanaoishi na virusi, wa jana na wa miaka 20 iliyopita. Dawa zinapowaweka watu hai, kiwango hukaa juu hata kama wanaoambukizwa upya wanapungua. Nchini Tanzania maambukizi mapya yalishuka kutoka takriban 72,000 kwa mwaka mwaka 2016-17 hadi takriban 60,000 mwaka 2022-23. Kumkwepa mchumba kwa sababu kwao ni Njombe ni ujinga mtupu. Kupeleka vipimo na dawa zaidi Njombe ndiyo matumizi halali ya takwimu ile.

Matunda ya hesabu hizi wakati mwingine hutoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 2004-05 Uganda ilifanya utafiti wa kitaifa wa UKIMWI kwa njia ya kaya, na baadhi ya damu zikahifadhiwa. Baadaye zilipimwa homa ya ini aina ya B. Ilibainika kwamba watu wazima 10.3 katika kila 100 walikuwa na virusi hivyo, lakini kusini-magharibi walikuwa 3.8 tu na kaskazini-mashariki karibu 24. Ramani hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Mwaka 2015 serikali ilipoanza kuwapima na kuwachanja watu wazima bure, ilianzia kaskazini, katika maeneo kama Karamoja, Acholi na West Nile.

Basi anayebishiwa hodi na watafiti asikubali kama kondoo wala asifukuze kama mwizi. Aulize kwanza kitambulisho na kibali. Aulize kinachopimwa ni nini, jibu litarudi lini na kwa nani, na damu itakayobaki itahifadhiwa wapi na kwa kazi gani. Maswali hayo yote yanapaswa kujibiwa katika fomu ya ridhaa, nayo isomwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, hadi mwisho, kabla ya kidole kuchomwa. Ana haki ya kukubali kipimo kimoja na kukataa kingine, na ya kukubali kupimwa leo bila kuruhusu damu yake ihifadhiwe. Akiruhusu ihifadhiwe, ajue kwamba damu za wale Waganda wa 2004-05 nazo zilikuja kupimwa ugonjwa mwingine baadaye.