Ukienda Kwenye Theluji, Usifunge Mfereji

 

Nikikuuliza leo kama umewahi kuona bomba la maji likipasuka kwa sababu ya baridi, najua utanicheka. Hapa Nairobi, hata ile baridi ya Julai inayotufanya tulale na soksi haishuki sana chini ya nyuzi 11 au 12 za Selsiasi usiku, ilhali maji huganda yanapofika sufuri. Wenzetu wa Kinangop na Kericho huamka mara moja moja wakakuta sakitu imeunguza viazi au majani chai, lakini ndani ya nyumba mabomba yao huwa salama. Shida yetu sisi na mabomba ni nyingine kabisa: ni kukauka.

Basi mbona nikuletee habari za barafu? Kwa sababu katika mitaa yetu hukosi familia iliyo na kijana Minnesota, Massachusetts, Texas au Kanada. Na kila mwaka, ifikapo Agosti, tunawasindikiza wengine kwenye uwanja wa ndege. Tunawajazia mifuko majani chai, unga na masweta. Tunawaombea. Tunawaonya kuhusu marafiki wabaya. Lakini hakuna anayewaambia habari za mabomba, kwa kuwa nasi hatuzijui. Hata mimi sikuzijua mpaka zilipomfika mpwa wangu.

Binti huyu wa dada yangu alikwenda kusoma Minnesota, akakodi kijumba pamoja na wasichana wawili wenzake. Desemba ya kwanza walialikwa kwa Wakenya wenzao kula Krismasi, mji wa mbali kidogo, kwa siku nne. Kabla ya kuondoka, binti akafanya vile alivyofunzwa na mamake tangu utotoni. Akazima taa. Akazima hita ili wasije wakalipia joto ambalo hakuna anayeliota. Akapita kila mfereji akaukaza barabara, lisipotee hata tone.

Waliporudi usiku, nyumba ilikuwa baridi kama kaburi. Wakawasha hita. Mmoja akafungua mfereji wa jikoni achemshe chai, hakuna kitu. Unajua walisemaje? Walisema, "Aa, maji yamekatwa." Mgao wa maji! Wakalala bila wasiwasi, kama ambavyo mtu wa Nairobi angelala.

Alfajiri waliamshwa na mlio kama wa mvua. Maji yalikuwa yakifoka kutoka ukutani nyuma ya sinki, zulia limelowa, vitabu vilivyokuwa sakafuni vimevimba. Walikimbia huku na huku wakitafuta mahali pa kuyafungia, na hakuna kati yao aliyejua koki kuu iko wapi. Mwenye nyumba alipofika aliuliza swali moja tu: "Nani alizima hita?" Gharama ya ukuta na zulia ikawaangukia wao, na pesa alizokuwa amezitenga mpwa wangu kwa muhula uliofuata zikaenda na maji. Mamake alikuja kuambiwa miezi miwili baadaye, kwa aibu. "Mama, nilifunga kila kitu kama ulivyonifunza." Dada yangu aliponisimulia hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na kweli nilimfunza hivyo."

Ndiyo maana ninaandika. Kosa lake halikuwa uzembe. Lilikuwa ni malezi mema yaliyofika mahali ambapo sheria ya maji ni nyingine.

Hebu tuielewe sheria hiyo. Vitu vingi hunywea vinapopoa, lakini maji yakigeuka barafu hufura, kwa karibu asilimia 9. Mwanafunzi unayesoma ukurasa huu unaweza kujionea mwenyewe. Twaa chupa ya plastiki (usitumie ya gilasi, itakupasukia), ijaze maji hadi pomoni, kaza kifuniko, uilaze usiku kucha kwenye sehemu ya friji inayogandisha. Kesho yake utaikuta imetuna kama tumbo la mla harusi.

Sasa fikiria bomba. Barafu hujitunga mahali pamoja, ikawa kama kizibo. Kizibo kinapokua, huyasukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea mferejini. Mfereji ukiwa umekazwa, maji hayo hayana pa kwenda. Shinikizo hupanda, likapanda, hata bomba la shaba au la plastiki likasalimu amri. Kwa hiyo mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu, bali kati ya barafu na mfereji uliofungwa. Na ufa huo waweza kukaa kimya, kwa kuwa barafu yenyewe imeuziba mkondo. Joto linaporudi na barafu kuyeyuka, ndipo gharika huanza. Umeona jinsi wasichana wale walivyolala juu ya mtego?

Wataalamu wa Marekani husema hatari huwa kubwa baridi ya nje inapofika nyuzi 20 za Fahrenheit, yaani karibu nyuzi 7 chini ya sufuri za Selsiasi. Minnesota, usiku wa Januari kwa kawaida hupita hapo mbali sana. Mabomba yanayogonjeka kwanza ni yale yanayopita ndani ya kuta za nje, kwenye dari, chini ya sakafu, katika banda la gari, na popote penye upenyo wa upepo. Ufa mdogo unaopitisha upepo wa baridi moja kwa moja juu ya bomba unatosha kuligandisha.

Je, mtu afanye nini? Mkatie mwanao ukurasa huu, au msomee kwa simu.

KABLA YA BARIDI KUANZA

Kwanza, siku ile ile anayopewa ufunguo wa nyumba, na aulize koki kuu ya maji iko wapi, kisha aifungue na kuifunga mara moja kwa mkono wake ahakikishe haijashika kutu. Akiishi ghorofani, aulize ni nani wa kupigiwa simu usiku.

Pili, mabomba yaliyo wazi avalishwe mirija ya sponji inayouzwa madukani huko kwa bei nafuu. Hukatwa kwa kisu na kuvishwa tu, haihitaji fundi. Nyufa zinazopitisha upepo karibu na mabomba zizibwe.

Tatu, mpira wa kunyunyizia bustani maji uchomolewe kwenye mfereji wa nje na kumwagwa maji. Ukiachwa pale, maji yaliyobaki ndani huganda na barafu kupenya hadi kwenye bomba la ukutani.

Nne, aulize habari za bima ya mpangaji. Bima ya mwenye nyumba hulinda nyumba, wala si vitabu vya mpangaji. Lakini na asome masharti, kwa kuwa kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa ikionekana nyumba iliachwa bila joto.

BARIDI IKISHAINGIA

Hita isizimwe. Iachwe kiwango kile kile mchana na usiku, na akisafiri asiishushe chini ya nyuzi 55 za Fahrenheit, ambazo ni kama nyuzi 13 za Selsiasi. Ni gharama, naam. Lakini muulize mpwa wangu ipi ni nafuu.

Milango ya makabati yaliyo chini ya sinki iachwe wazi ili joto la chumba lifikie mabomba. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, dawa za kusafishia zilizo humo ziondolewe kwanza.

Na usiku ule redio inapotangaza baridi ya kuuma mifupa, mfereji uachwe ukitona. Hapa ndipo mama Mkenya atakaposhtuka! Si lazima maji yabubujike. Uzi mwembamba unatosha, hasa kwenye mfereji ulio mbali na pale maji yanapoingilia nyumbani, au ule ulio kwenye ukuta wa nje. Maji yanayotembea huchelewa kuganda, na hata yakiganda, mfereji ulio wazi hulipa shinikizo njia ya kutokea. Roho ikimuuma kuyapoteza, atege beseni. Yatafaa chooni asubuhi.

Asidhani bomba la maji ya moto liko salama. Maji yakitulia humo usiku kucha hupoa kama mengine. Tena kijana wa Tanzania, Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1963, aligundua akitengeneza aiskrimu kwamba mchanganyiko wa moto uliganda kabla ya ule uliopoa. Walimcheka darasani, lakini mwaka 1969 aliandika jambo hilo katika jarida la fizikia pamoja na Profesa Denis Osborne, na hadi leo wataalamu wanabishana. Kwa hiyo mifereji yote miwili itone.

MFEREJI UKIKAUKA

Katika baridi kali, mfereji usiotoa maji, au unaotoa kidogo kwa shida, si mgao. Ni barafu. Auache mfereji huo wazi. Aangalie kama kuna bomba lililopasuka. Akiona ufa au maji, afunge koki kuu upesi na amwite mwenye nyumba. Kama hakuna dalili ya ufa, apashe bomba joto polepole kwa mashine ya kukaushia nywele, au kwa taulo zilizotumbukizwa katika maji moto. Aanzie upande wa mfereji akielekea penye barafu, ili maji yanayoyeyuka yapate njia. Wala asishike kifaa cha umeme akiwa amesimama kwenye maji. Kamwe asitumie moto wa gesi, mshumaa wala tochi ya fundi. Nyumba nyingi za huko ni za mbao, na zimeteketea kwa njia hiyo. Asipolipata bomba lililoganda, au likiwa ndani ya ukuta, na amwache fundi wa mabomba afanye kazi yake.

Pengine utasema, "Wangu yuko Texas, huko ni joto." Mzazi mwenzangu, sikiliza. Mnamo Februari 2021, baridi ya kaskazini iliteremka hadi Texas. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, hita zikafa. Kwa kuwa nyumba nyingi za huko zilijengwa kwa kuogopa joto, mabomba mengi yalipita darini bila kinga. Yalipasuka kwa maelfu, maji yakateremka kutoka juu watu wakitazama. Mamilioni ya wakazi waliambiwa wachemshe maji ya kunywa. Idara ya afya ya jimbo hilo baadaye ilihesabu vifo 246.

Na katika hao waliokufa, wapo waliouawa si na baridi bali na njia ya kuikimbia. Watu waliingiza majiko ya mkaa ndani au wakawasha magari katika mabanda yaliyofungwa. Hapa sihitaji kukueleza sana. Sisi nasi tumezika majirani waliolala na jiko la makaa chumbani msimu wa baridi. Gesi ile ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na haichagui nchi. Basi mwambie mwanao: umeme ukikatika huko, avae nguo zote alizo nazo, afunge koki kuu na afungue mifereji mabomba yatoke maji, akajihifadhi kwa rafiki mwenye joto au kwenye ukumbi uliofunguliwa kwa umma. Jiko lisiingie ndani. Zulia hununuliwa jingine.

Mpenzi msomaji, wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe funga lako jicho. Nami naongeza: ukienda kwenye theluji, fungua wako mfereji. Hatuwakani wazee wetu waliotufunza kubana matumizi. Mafunzo yao yalikuwa ya nchi ambayo tone la maji hulindwa kwa kufungwa. Kuna nchi nyingine ambazo nyumba nzima hulindwa kwa tone hilo kuachwa lianguke.

Mpwa wangu alirudia muhula ule, akafanya kazi usiku katika nyumba ya wazee, akamaliza masomo. Sasa kila Novemba mamake humpigia simu, na kabla hata ya salamu huuliza, "Mfereji unatona?" Binti hujibu, "Unatona, Mama." Ndipo huulizana habari za nyumbani.