MSHITAKI ASIWE HAKIMU



Mtu akigombana na jirani yake, kesho asubuhi yuko kwa mwenyekiti: "Mwenyekiti, mfunge huyu!" Jamani, mwenyekiti ni kiongozi, siyo hakimu. Kusuluhisha anaweza, kufunga mtu hapana.

Sisi wa Old Moshi ndio tungelijua hili kuliko wengine. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa hapa hapa kwetu. Waliomshitaki, waliomhukumu na walioamuru anyongwe ni utawala ule ule wa Wajerumani. Je, angekata rufaa kwa nani?

Ndiyo maana Katiba ya 1977, ibara ya 4, imegawa kazi: Bunge litunge sheria, Serikali itawale, Mahakama itoe haki. Ukishindwa Mahakama ya Mwanzo, unazo siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Juu yake ipo Mahakama Kuu, na mwisho Mahakama ya Rufani.

Njia ni ndefu kweli, na nauli inauma. Lakini hukumu ya mkato ikimwangukia jirani leo, kesho ni zamu yako. Tusimpe mtu mmoja fimbo na mizani.