Kamba Si Tabibu

Miongoni mwa dhana zilizoota mizizi katika nyoyo za watu wafugao samaki wa baharini majumbani, hapana yenye madhara kama ile isemayo kwamba kamba msafishaji, yule mwenye mgongo mwekundu uliopitiwa na mstari mweupe, ni tabibu wa hodhi; kwamba akishatiwa humo, samaki walioshikwa na ugonjwa wa madoa meupe watapona wenyewe, pasi na dawa wala taabu. Wauzaji huisema, wanunuzi huipokea, na samaki hufa.

Insafu yataka tuanze na sifa zake. Penye mwamba wa matumbawe kamba huyu husimama mlangoni mwa pango lake, akapunga sharubu zake nyeupe na kuuyumbisha mwili huku na huku, hata chewa au mkunga, ambaye angeweza kummeza kwa mara moja, akaja akatulia mbele yake na kufunua kinywa. Naye kamba akaingia, akapita baina ya meno mpaka kwenye matamvua, akinyofoa vijidudu vifyonzavyo damu na ngozi iliyokufa. Ni ajabu ya Muumba, na sishangai kwamba watu wakiiona huvutiwa.

Mwaka 1961 yalichapishwa makala mashuhuri ya Conrad Limbaugh, mtaalamu wa Kimarekani aliyekuwa amekwisha kufariki, yaliyosimulia jinsi alivyowaondoa wasafishaji katika miamba midogo miwili huko Bahamas, samaki wakapungua upesi, na waliobaki wakaota vidonda na mabaka meupe. Habari hiyo ilienea kila pembe. Ama ile ya George Losey, aliyefanya jaribio kama hilo Hawaii, akalichapisha mwaka 1972 asione tofauti ya maana, ilisikiwa na wachache. Tafiti za baadaye zimethibitisha kwamba kamba wa jamii hii hula kweli baadhi ya vimelea, hata mayai yao, wala silikatai hilo. Lakini kula baadhi si kutibu, hususa katika maradhi haya.

Kwani kimelea chenyewe, Cryptocaryon irritans, hakikai juu ya ngozi kama chawa. Hujichimbia chini yake, kikanenepa kwa siku 3 hadi 7, kisha kikajiangusha, kikajifungia katika kifuko mchangani au jiweni, na kutoka kifuko kimoja huweza kutoka vijana wapatao 200, wakiogelea kutafuta samaki wa kumwingia. Madoa yanapotoweka, mfugaji humshukuru kamba, kumbe vimelea vimeshuka kwenda kuzaa. Na yanaporudi, safari hii mengi zaidi, hukimbilia dukani kununua kamba wa pili. Wakati huo kangaja wa buluu, ambaye huvuliwa hata katika pwani ya Kenya kwa biashara hii, naye ni mwepesi mno wa kushikwa na ugonjwa huu, anajikuna mawe, anahema kwa kasi, na mwani aliowekewa haugusi.

Tiba yenye itibari ipo, nayo ni shaba, kadiri ya miligramu 0.2 kwa lita, au kuipunguza chumvi ya maji hadi chini ya nusu ya ile ya bahari. Na zote mbili ni mauti kwa kamba na kwa matumbawe. Hivyo samaki hawana budi wahamishiwe hodhi jingine watibiwe huko, na hodhi kubwa likae bila samaki kwa wiki 6 au zaidi, ilhali kamba anaweza kubaki humo salama. Ni kazi, na ni gharama, na hiyo ndiyo sababu uongo huu unapendwa.

Wala si samaki pekee wanaodhulumiwa. Kamba naye aghalabu amevuliwa baharini, kwa kuwa watoto wake huelea majini kwa miezi kadhaa na kuwalea ni shida kubwa. Naye ananunuliwa kama kichupa cha dawa, kisha asipoponya anasahauliwa. Amtakaye na amnunue kwa ajili ya kamba mwenyewe: ampe pango la kujisitiri siku ajivuapo gamba, mwili wake ungali laini, na amlishe kwa mkono wake, kwa sababu hodhi lenye samaki wazima halina vimelea vya kumshibisha.