Lulanga si pambo la ukuta

Wandugu wasikilizaji wa Bukavu, na ninyi familia mulioacha vijiji vya Kalehe, Kabare na Walungu mukaja kulala kwa jamaa hapa mjini, leo siandiki habari za bei ya unga wala za barabara. Naandika juu ya kibao. Kuna jambo linafanyika mbele ya macho yetu, na tunanyamaza kwa sababu linaonekana dogo.

Makomisioneri wanapita kwenye nyumba zilizopokea wahami wa vita. Nimewaona Kadutu, nimewaona Panzi. Hawaulizi dhahabu, hawaulizi koltani. Wanauliza: "Mama, hamuna lulanga ya zamani? Hamuna likembe ya babu?" Wanataka iliyochakaa, yenye weusi wa moshi na alama za vidole. Ile mpya hawaitaki. Wanatoa dolari 15, wakibanwa sana 20, wanaitia ndani ya gunia na kwenda zao. Ni bei ya kuku wawili. Na tangu Februari 2025, benki zilipofungwa na feza ikawa adimu, mama mwenye watoto sita chini ya paa la watu ataikataa vipi dolari 20? Simlaumu yeye. Nawalaumu wanunuzi, na nitajilaumu mimi mwenyewe pia.

Nani ananunua? Wapo wenye nyumba nzuri hapa mjini wanaotaka kitu cha asili kwenye sebule. Wapo wageni wanaotafuta kumbukumbu ya Kivu. Na wapo wakusanyaji wa ng'ambo, ambao komisioneri anawatumia picha kwa simu. Ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Kule Marekani na Ulaya kuna watu wanaokusanya magitaa ya Hawaii, yale yanayolazwa mapajani na kupigwa kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi. Sifa za kuanzisha upigaji huo hupewa Joseph Kekuku, kijana wa Hawaii wa mwisho wa karne ya 19. Gitaa la kwanza la umeme lililopata soko, la Rickenbacker mwaka 1932, lilikuwa la namna hiyo hiyo. Hapa Kongo sauti ile ilifika pia: kule Léopoldville, karibu na mwaka 1950, Zacharie Elenga, aliyeitwa Jhimmy, alijulikana kwa kupiga gitaa kwa mtindo wa Hawaii. Leo kuna mtu mwenye magitaa kumi ya aina hiyo nyumbani na hapigi hata moja. Ananunua la kumi na moja kwa sababu rangi yake hana.

Huyo ana haki yake. Magitaa hayo yalitengenezwa kiwandani kwa maelfu, na akifa yatauzwa tena. Lulanga si hivyo, na hapa ndipo hasira yangu inapoanza.

Kwa vijana ambao hawajawahi kuiona karibu, lulanga ni kibao kirefu kilichochongwa kwa ndani kikawa kama beseni lisilo na kina. Ncha zake mbili zina meno. Kamba moja ndefu inapita kwenye meno hayo, inakwenda na kurudi mara saba au nane, na kila mstari unakazwa mpaka utoe sauti yake. Mpigaji anakaa, anailaza karibu na mwili, anaimba kwa sauti ya chini kama mtu anayesimulia usiku. Anaimba Bami na ng'ombe, vita vya kale, mke aliyekwenda, jirani mwenye roho mbaya. Bashi wanaijua, Bahavu wanaijua, Bafuliiru wanaijua. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wana ya kwao wanayoiita inanga.

Angalieni sasa: kamba ni moja. Ikikatika mahali pamoja, chombo chote kinanyamaza. Na namna ya kuikaza haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ndani ya sanduku. Iko kwenye sikio la mzee. Ukinunua lulanga ukamwacha mzee, umenunua kuni.

Nalijua hili kwa sababu nililifanya. Nilinunua lulanga kwa mzee mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kalehe. Nilimpa dolari 20 na nikajiona mwema, eti naokoa utamaduni. Nikaipachika kwenye ukuta wa studio. Wageni walipiga picha mbele yake. Kamba ililegea, vumbi likakaa, mimi sikuona neno.

Miezi mitatu baadaye yule mzee alikuja redioni kupitisha tangazo la kutafuta ndugu zake. Akaiona ukutani. Aliomba ruhusa kwa adabu, akaiteremsha, akaketi kwenye benchi. "Mwanangu," akaniambia, "hii kitu iko inalala na njaa." Alishinda karibu nusu saa akikaza kamba, akigonga, akisikiliza, akirudia. Kisha akaimba. Alitaja vilima vya kwao kimoja kimoja, na ukoo uliokaa kila kilima, na nani alizaliana na nani. Nilirekodi kwa simu yangu dakika kumi na moja, na jioni, kwa ruhusa yake, tukazipitisha hewani badala ya tangazo la maneno makavu.

Simu zililia. Familia moja ya wahami iliyokuwa Bagira ilitambua kilima chao na ukoo wao ndani ya wimbo. Hawakujua kama mzee yuko hai. Kesho yake walikuja kumchukua. Tangazo la kawaida lingetaja jina moja tu. Wimbo ulitaja nyumba arobaini.

Lulanga ile niliirudisha siku hiyo hiyo. Feza sikudai.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu hayo si ya kijinga. Jibu la kwanza: "Bila wakusanyaji, mchwa wangekula zote." Ni kweli, mchwa hula. Mvua hula, moto wa Kadutu hula, na vita hula kuliko vyote. Lakini wazee wetu walijua mchwa. Lulanga ikizeeka, nyingine ilichongwa, na mtoto aliyekaa karibu akajifunza. Kilichokuwa kinahifadhiwa ni kazi ya mikono na nyimbo. Mbao ilikuwa inabadilishwa.

Jibu la pili: "Kwenye makumbusho ya Ulaya zinatunzwa vizuri." Tuongee hapo. Februari 2022 Ubelgiji iliikabidhi serikali yetu orodha ya vitu kama 84.000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Juni mwaka ule ule Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kimoja, Kakuungu cha Wasuku, tena kwa mkopo. Katika safari hiyo alifika mpaka hapa Bukavu, na wengi wetu tulikuwa barabarani. Tulipiga makofi, na tukasema: vitu vyetu virudi! Nami nilisema hivyo kwenye maikrofoni. Lakini tunadai kwa mdomo vile vilivyochukuliwa kwa nguvu zamani za ukoloni, na kwa mikono yetu tunafungasha vilivyobaki kwa dolari 20. Baada ya miaka hamsini wajukuu watadai virudi vile ambavyo babu zao waliviuza. Watakuwa na barua gani ya kuonyesha?

Na tusijidanganye kwamba shida iko Ulaya peke yake. Zaidi ya vitu mia moja vilirudishwa Kinshasa kati ya mwaka 1976 na 1982, na sehemu yake ilipotea, ikaibiwa, ikauzwa tena. Kurudisha kitu bila watu wa kukitumia na kukilinda ni kukihamisha kutoka kabati moja kwenda kabati lingine.

Jibu la tatu ndilo linaloniumiza: "Wewe mwandishi unakula. Sisi tuna njaa. Utamaduni hauchemki ndani ya sufuria." Mama uliyeniambia hivyo Panzi, sina la kukujibu. Ukiwa na mtoto mgonjwa, uza. Lakini ninayo maneno kwa yule anayenunua: kama una dolari 20 za kutoa kwa mbao, unazo dolari 20 za kumlipa mzee aje kuimba kwenye ndoa ya binti yako. Utabaki na wimbo, naye atabaki na lulanga, na wiki ijayo mwingine atamwita. Kwa njia hiyo kibao kinaleta chakula mara nyingi. Ukikinunua, kinaleta mara moja.

Historia yetu wenyewe inatuonyesha kipi cha kukusanya. Mwaka 1951 na 1952 Mmarekani mmoja, Alan Merriam, alikuwa huku akirekodi muziki wa Bashi. Aliandika jambo ambalo kila mwandishi wa habari wa Kivu angepaswa kulijua. Wasichana wa Kishi waliofanya kazi kwenye shamba la mzungu walikuwa na malalamiko juu ya malipo yao na posho ya chumvi na mafuta. Hawakuthubutu kumwambia bwana shamba uso kwa uso. Waliimba mbele yake. Kumbe wimbo ulibeba kile ambacho mdomo uliogopa. Hiyo ni habari, wandugu. Ni redio kabla ya redio zetu. Nani leo anakusanya nyimbo wanazoimba mama zetu wanaobeba mizigo ndani ya Bukavu? Komisioneri haziulizi, kwa sababu haziingii ndani ya gunia.

Mwaka 1952 vilevile, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Tuna mengi ya kuwauliza wazungu wale wa maikrofoni, hasa nani alifaidika na sahani zile. Lakini gitaa lilibaki mikononi mwa Mwenda. Aliendelea kulipiga, na mwaka 1969 alialikwa mpaka kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Wapiga gitaa wa nchi za mbali wanajifunza vidole vyake mpaka leo. Kama Tracey angenunua gitaa na kumwacha Mwenda barabarani, tungekuwa na mbao moja Afrika ya Kusini na kimya Likasi.

Sisi wa redio nasi tuache kujificha. Kutoka asubuhi mpaka usiku tunapiga Kinshasa na Lagos. Mzee wa lulanga akija tunamwambia arudi Jumamosi, na Jumamosi tunampa dakika mbili kabla ya mpira. Halafu tunashangaa kwamba mtoto wake ameuza kibao. Alijifunza kwetu kwamba hakina thamani.

Basi nasema mambo manne, na kila mtu achukue lake. Wewe uliye na lulanga au likembe nyumbani, kabla ya kuiuza mwite anayejua kuipiga na umrekodi kwa simu. Taja jina lake, kijiji chake na siku, kama anakubali, na nakala imbakie yeye. Wewe mwenye feza unayetaka lulanga kwa ukuta wako, agiza mpya kwa fundi wa kuchonga, umlipe bei ya kazi, umwombe mtoto wake akae karibu akitazama. Wewe uliyekwisha kununua ya zamani, mtafute mwenyewe. Pengine yuko kilometa mbili tu kutoka kwako, chini ya hema, na mikono yake haina kazi. Kama hawezi kupatikana, ikopeshe kwa kijana anayejifunza. Na ninyi wakuu wa redio zetu, toeni saa moja kwa wiki na nauli ya mpigaji.

Kuhusu ukuta wa studio yetu: msumari bado upo pale. Mwenzangu mmoja alitaka kuutoa, nikamkataza. Nataka kila mgeni aniulize kulikuwa na nini hapo, nami nimpe simu asikilize zile dakika kumi na moja.